Kishikwambi kimoja, wanafunzi tisini: pengo la vizazi katika madarasa ya Kigoma

Mazungumzo ya walimu kuhusu pengo kati yao na wanafunzi wao huanzia kwenye vifaa karibu kila mara. Watoto wamekulia kwenye simu, mwalimu amekulia kwenye chaki, basi hawaelewani. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini yana hasara kubwa: shule ikishaamini kwamba tatizo ni vifaa, itakaa kusubiri vifaa. Na vikija, vitafungiwa kabatini kwa sababu hakuna aliyejiuliza vinakuja kuziba nini.

Pengo linaloumiza zaidi darasani ni la muda: muda unaopita kati ya mwanafunzi kukosea na mwanafunzi kujua kwamba amekosea. Kijana wa Kasulu akicheza gemu kwenye simu ya kaka yake, akikosea anajua ndani ya sekunde moja, na sekunde inayofuata anajaribu tena. Kijana huyo huyo akifanya zoezi la hisabati Jumatatu, daftari lake linaingia kwenye rundo la madaftari 90. Mwalimu akitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, ni saa 3 kwa mkondo mmoja. Mwenye mikondo mitatu ni saa 9, nje ya vipindi. Kwa hiyo daftari linarudi wiki ya pili, mada imeshapita, na ile alama nyekundu haina kazi tena. Hapa hakuna uvivu wa mwalimu wala utukutu wa mtoto. Ni watu wawili waliozoea kasi mbili tofauti za kupata jibu.

Ukilitazama pengo hivyo, unapata kipimo cha kila kifaa na kila programu utakayoletewa: je, inafupisha muda huo? Kama haifupishi, iache isubiri, hata kama inapendeza.

Kabla ya kwenda kwenye vitendo, kuna dhana moja ya kuiondoa njiani. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliwagawa watu makundi mawili: wazawa wa dijitali, yaani watoto, na wahamiaji, yaani wakubwa wao. Mgawanyo huo ulienea sana, na umewafanya walimu wengi wajione wageni wa kudumu. Lakini kuzoea simu si sawa na kuijua kazi. Utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2018, uliopima ujuzi wa kutumia kompyuta na habari kwa wanafunzi wa mwaka wa nane wa shule katika nchi zaidi ya kumi, ulikuta asilimia 2 tu walifika ngazi ya juu kabisa, ile ya kuweza kupima wenyewe uaminifu wa habari wanazozikuta mtandaoni. Na hizo ni nchi zenye kompyuta tele. Mwanafunzi anayepitisha video za TikTok kwa kidole kimoja bila kuangalia, mara nyingi hajui faili alilopakua limekaa wapi, hajui kulipa jina, wala hajui kutofautisha tangazo na habari. Anazo mbio. Mwalimu anao uamuzi wa lipi la kuamini na lipi la kuacha. Kila upande una kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Kadi ya pande nne na simu moja

Njia ya bei nafuu kuliko zote ya kufupisha muda wa jibu haihitaji mwanafunzi kuwa na simu, na hilo ni muhimu kwa sababu wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Inaitwa Plickers. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba. Mchoro una pande nne, A, B, C na D. Mwalimu anauliza swali, mwanafunzi anaizungusha kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, kisha mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa kutoka kushoto kwenda kulia. Simu inasoma kadi moja moja na kuonyesha nani kajibu nini. Kwa sababu kila kadi ina mchoro wake, jirani hawezi kunakili kwa kuangalia ilivyogeuzwa.

Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo nyingine ya kadi 63. Darasa la wanafunzi 90 wanaokaa wawili wawili linahitaji kadi 45, kwa hiyo chapisha ile ya 63, kadi moja kwa kila dawati. Wawili kushirikiana kadi moja kuna faida ya ziada, maana lazima wabishane kwanza kabla ya kuinyanyua.

Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. La kwanza ni vidole: mwanafunzi akishika kadi kwa kufunika kona ya mchoro, simu haiioni. Wafundishe kushika pembeni, kwenye sehemu nyeupe. La pili ni kung'aa. Walimu wengi hukimbilia kuziweka kadi plastiki ili zidumu, lakini plastiki inarudisha mwanga wa dirishani na kamera inaona doa jeupe. Gundisha karatasi kwenye boksi gumu, inatosha. La tatu ni mtandao. Programu hiyo hutegemea intaneti, kwa hiyo andaa maswali na orodha ya darasa mapema mahali penye mtandao, na siku ya kwanza jaribu kabla wanafunzi hawajaingia.

Kama hakuna mtandao kabisa, kata manila, andika A, B, C, D kwa herufi kubwa kwenye pande nne, kila herufi kwa rangi yake. Hutapata majina, lakini kwa jicho utaona kama rangi moja imetawala au darasa limegawanyika. Hiyo tayari ni nusu ya kazi, na haikuhitaji umeme.

Kazi yenyewe, lakini, iko kwenye swali. Swali bovu likipigwa picha na simu linabaki bovu. Chukua mfano wa namba kamili kidato cha kwanza: −3 − 5 ni ngapi? Majibu yawe A: −8, B: 8, C: 2, D: −2. Hakuna jibu lililowekwa kujaza nafasi. Anayechagua B amebeba kanuni ya kuzidisha, hasi kwa hasi ni chanya, akaileta kwenye kutoa. Anayechagua C ametoa 3 kwenye 5 bila kujali alama. Anayechagua D ameisahau alama ya mbele ya 3, akafanya 3 − 5. Mwalimu akiona B zimejaa upande wa nyuma, hahitaji kurudia somo zima. Anajua kabisa fundo liko wapi, na anarudi kwenye mstari wa namba: simama kwenye −3, nenda hatua 5 kushoto.

Baada ya kuona majibu ufanye nini? Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kutumia maswali ya namna hii mwaka 1991, na kutokana na njia yake walimu wengi hushika kipimo hiki. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudia kufundisha kwa njia nyingine. Wakiwa kati ya 30 na 70, usiseme jibu. Waambie kila mmoja atafute mwenzake mwenye jibu tofauti, wabishane dakika 2 au 3, kisha wapige kura upya. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi na songa mbele. Hiyo ngazi ya katikati ndiyo tamu. Mwanafunzi aliyeelewa jana usiku anakumbuka alipokwama, ndiyo maana mara nyingine anamweleza mwenzake vizuri kuliko mwalimu aliyeelewa miaka 30 iliyopita. Maswali mawili ya hivi kwa kipindi cha dakika 40 yanatosha. Ukiweka matano, somo linageuka mnada.

Video ya mawese, sekunde 90

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na matumizi yanayoonekana kwa wengi ni kusomea vitabu na kutuma taarifa za ofisi. Kitu ambacho kishikwambi kinaweza na kitabu hakiwezi ni kuleta darasani kile ambacho wanafunzi wanakiona kila siku bila kukiangalia.

Mkoa huu unakamua mawese. Chukua mada ya kutenganisha michanganyiko katika kemia. Kitabu kinachora chombo cha maabara chenye bomba na koki, ambacho shule nyingi za kata hazina. Nenda kwa mama anayekamua, omba ruhusa, rekodi hatua moja tu: pale maji na mafuta yaliyochemshwa yanapotulia na mafuta mekundu yanapanda juu, naye anayaengua. Sekunde 90, basi. Shika kishikwambi kwa ulalo, jua liwe mgongoni kwako, na moshi usiwe kati yako na sufuria. Usiongee juu ya video. Darasani isimamishe kabla hajaengua, uliza: kwa nini mafuta yako juu? Wengi watasema kwa sababu ni mepesi. Wabane: debe la mafuta na kijiko cha maji, kipi kizito? Hapo ndipo dhana ya densiti inazaliwa, kwamba tunalinganisha ujazo ulio sawa. Kisha wafanye wenyewe: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, igeuzwe mdomo chini, kifuniko kitobolewe tundu dogo na kuzibwa kwa kidole. Mimina maji na mawese, subiri yatulie, achia kidole, maji yanatoka kwanza. Kama mawese yameganda kwa baridi ya asubuhi, hasa kwenye miinuko ya Buhigwe na Kasulu, yapashe moto kwanza, la sivyo yatashika kwenye kuta za chupa na jaribio litaonekana limeshindwa.

Skrini ya inchi 10 haionekani na watu 90. Wanaoona vizuri ni 8 hadi 10. Walimu wawili wakiazimana vishikwambi, vipindi viwili mfululizo, jumla dakika 80, vinatosha kugawa darasa vituo vitano vya wanafunzi 18, dakika 12 kila kituo. Kituo cha video kina vishikwambi viwili, wanafunzi 9 kwa kila kimoja. Vingine vina chupa, kitabu, maswali na zoezi la kuandika. Dakika 60 zinaenda vituoni, kama 4 zinaenda kwenye kuhama, 16 zinabaki za kufungua na kufunga. Ukipanga vituo sita, muda wa kuhama unakula hitimisho, na hitimisho ndilo linalogeuza mchezo kuwa somo.

Penye runinga ya shule, weka video kwenye flashi. Ikikataa kucheza, mara nyingi sababu ni muundo wa faili: runinga nyingi za kawaida zinasoma MP4 ya H.264, ilhali simu mpya hurekodi kwa H.265 ili kubana nafasi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ubadilishe kabla ya kurekodi. Ubora wa 720p unatosha. Ile 1080p inaweza kula hadi MB 130 kwa dakika na hakuna wa nyuma atakayeona tofauti.

Kwa fizikia, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina majaribio ya kuigiza yanayoitwa PhET, ya bure, mengine yakiwa na tafsiri ya Kiswahili. Kila moja hupakuliwa kama faili moja na kufunguka bila intaneti. Likifunguka ukurasa mweupe mtupu kwenye kishikwambi, usilifute: limefunguliwa na programu isiyofaa. Bonyeza faili kwa muda, chagua lifunguliwe na Chrome.

Kwa vitabu, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni bure. Na programu ya Kiwix inabeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya memori kadi, jambo linalofaa sana kwa shule za mwambao wa ziwa ambazo hata kufika kwake ni kwa boti.

Umeme na paswedi

Kasulu iliingia kwenye gridi ya Taifa mwaka 2022, lakini shule nyingi za vijijini mkoani bado zinategemea sola, na hesabu ya sola haisamehi. Betri moja ya 12V yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu, 600, ukitaka idumu. Projekta ya taa ya wati 250 na laptopu ya wati 50 ni wati 300. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unapata takriban saa 1 na dakika 40. Runinga ya LED ya inchi 43 hula kama wati 80 tu, na haihitaji chumba chenye giza. Kwa shule ya sola, runinga inashinda projekta. Tena projekta ina feni inayovuta vumbi la kiangazi: kichujio kikiziba, taa inapata joto kupita kiasi na kuungua.

Kosa linaloua vishikwambi vingi zaidi ni likizo. Kikifungiwa kabatini chaji ikiwa sifuri, betri inaendelea kushuka yenyewe hadi kiwango ambacho chaja haiiamshi tena. Kihifadhiwe na chaji karibu nusu, kimezimwa kabisa.

La pili ni akaunti. Mwalimu alifunguliwa akaunti ya Google na fundi wa simu mjini, paswedi haijui. Siku kishikwambi kikigoma na kurudishwa kilivyotoka kiwandani, kinadai akaunti ile ile ya zamani, na bila hiyo hakifunguki. Andika anwani ya barua pepe na paswedi kwenye daftari linalofungiwa nyumbani, na weka namba yako mwenyewe kuwa ya kurejeshea akaunti. Dakika kumi leo.

«Google inasema»

Siku mwanafunzi anaposimama na kusema Google inasema tofauti na mwalimu, walimu wengi wenye umri husikia dharau. Kweli wapo wenye dharau, lakini wengi wamefurahia tu kupata kitu. Hapa ndipo mwalimu ana nguvu kuliko wakati wowote, akikubali kuutumia mwanya huo.

Mfano uko mlangoni petu. Waulize kina cha Ziwa Tanganyika. Mmoja anarudi na mita 1,470, mwingine na mita 570. Darasa litataka kujua nani mwongo. Hakuna: ya kwanza ni kina kirefu zaidi, ya pili ni wastani. Ziwa hili ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na namba zake zinazunguka mtandaoni bila kuelezwa ni za nini. Wafundishe maswali matatu ya kuuliza kila jibu: nani kaandika, anapima nini hasa, na wapi pengine pamesemwa hivyo hivyo. Swali la katikati ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalotatua kisa cha ziwa.

Akili mnemba inahitaji mafunzo hayo zaidi. Programu kama ChatGPT hujenga sentensi inayoelekea kufaa, na isipojua huweza kubuni kwa lugha safi kabisa. Kuipiga marufuku kwa maneno hakutawafanya waelewe. Mwalimu aandike swali kuhusu historia ya kata ya shule, jibu linakiliwe ubaoni, na wanafunzi wapewe siku tatu wakaulize wazee na ofisi ya kata, kila sentensi ikiwekewa alama: kweli, si kweli, haijathibitika. Mara nyingi orodha ya «si kweli» itakuwa ndefu kwa kata ndogo ambazo hazijaandikwa sana mtandaoni, na somo litabaki kichwani. Mwalimu ndiye aendeshe programu: mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza umri usipungue miaka 13, na masharti ya ChatGPT yanataka idhini ya mzazi kwa walio chini ya 18.

Insha ya nyumbani ikirudi kwa Kiingereza ambacho mwanafunzi hajawahi kukiongea, usimtuhumu mbele ya wenzake. Mwite, mwombe akueleze aya ya pili kwa Kiswahili. Akieleza, amejifunza kitu hata kama alisaidiwa. Asipoeleza, airudie darasani kwa kalamu. Na kazi ya nyumbani isiwe ile inayolazimisha bando, maana kwenye kaya nyingi simu janja ni moja, ya baba, na inaondoka naye asubuhi.

Heshima na mipaka

Mwalimu mwenye miaka 52 anaogopa kubonyeza mahali pabaya mbele ya watoto, na woga huo una sababu: hadhi ya mwalimu kwetu ni kitu cha thamani. Dawa yake ni mgawanyo wa kazi ulio wazi. Teua wasaidizi wa vifaa wawili kila wiki, msichana na mvulana, wabadilishwe. Wao wanaunganisha waya na kufungua faili. Mwalimu anaamua nini kinaonyeshwa, lini kinasimamishwa na swali gani linaulizwa. Mwanafunzi anaendelea kusema «shikamoo, mwalimu», na mwalimu anaweza kusema «nionyeshe tena hapo» bila kupungukiwa. Kati ya walimu wenyewe, vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni ni mahali pazuri pa mwalimu kijana kumwelekeza mkubwa wake kwa kishikwambi cha huyo mkubwa, mikono ya huyo mkubwa. Mwelekezaji akishika kifaa mwenyewe, mwenzake hajifunzi.

Mpaka mmoja usilegezwe. Mwalimu asichati na mwanafunzi faraghani, na zaidi usiku. Kundi la WhatsApp liwe la wazazi, lenye msimamizi wa pili kutoka uongozi wa shule, na ujumbe uwe wa sauti fupi, kwa sababu wazazi wengine hawasomi kwa urahisi na dakika moja ya sauti haili hata nusu MB. Matokeo ya mtihani yenye majina ya watoto yasitupwe kundini; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na watoto pia, na aliyepata 12 kwa 100 hana haja ya kuonwa na kata nzima.

Maswali mazuri ya kadi, yale ambayo kila jibu lenye kosa linafichua kosa lake, ni kazi ya kichwa inayochukua muda kuliko kitu kingine chochote humu. Yahifadhiwe kwenye faili moja kwa kila mada, pamoja na maelezo mafupi ya kila herufi ilifichua nini darasani, kisha faili lipewe walimu wa somo hilo wa shule jirani kwa flashi. Mwalimu wa hisabati wa Uvinza hana sababu ya kuanza upya swali la −3 − 5.